Flash niliyoifomati NTFS ilivyotaka kuvunja posa ya watu Kuluva

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimejipa moyo niandike. Kiswahili changu ni cha huku West Nile, Uganda, na shule niliishia njiani, kwa hiyo mkiona mahali nimejikwaa mnivumilie.

Nitakayosimulia niliyaona mwenyewe. Pale nilipoambiwa tu, nitasema niliambiwa.

Nimejiuliza mara nyingi kama kosa lilikuwa langu. Siku nyingine naona ndiyo, siku nyingine naona hapana. Mtanisaidia.

Nina kibanda Koboko mjini. Nachaji simu, naingiza nyimbo na filamu kwenye flash na memory card. Huku watu wengi wana redio za solar zenye tundu la flash, na madereva wa malori ya Oraba mpakani wanataka nyimbo za kuwafikisha Sudan Kusini bila kusinzia. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Kwa wasiojua: flash kabla haijawekwa kitu lazima ipangwe ndani, kama duka linavyowekwa rafu. Kupanga huko ndiko kufomati. Mimi najua namna tatu.

FAT32 ni ya zamani. Karibu kila redio na kila TV inaisoma, ila haikubali faili moja linalozidi GB 4, hata kama flash nzima iko tupu.

NTFS inabeba faili kubwa bila kelele. Lakini redio nyingi haziijui, na TV za zamani pia.

exFAT iko katikati. Inabeba kubwa, vifaa vipya vinaisoma, vya zamani vinaikataa.

Wenye elimu zao watanisahihisha. Mimi haya nilijifunza kwa kugombezwa na wateja.

Sasa twende kwenye kisa.

Kuna mama mmoja ni jirani yangu sokoni, anauza samaki wakavu. Ni Mkakwa wa upande wa Sudan Kusini, alivuka kuja huku na mtoto mdogo miaka ya vita. Mtoto mwenyewe ni Poni, kwa hiyo tunamwita Mama Poni. Mumewe alifariki.

Poni amekua, amepata mchumba, kijana wa Koboko hapa hapa, fundi wa pikipiki. Kijana mpole. Ukoo wao ni watu wa jeshi tangu babu zao, na wako Waislamu na Wakristo ndani ya boma moja.

Kikao cha posa kikapangwa Jumamosi, si Koboko, bali Kuluva, kule kusini ya Arua. Sababu ni kwamba baba mdogo wa Poni anaishi huko, na yeye ndiye aliyebaki kusimama badala ya baba. Jina lake Baba Ladu.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye bila yeye kikao hakifungwi. Mjomba.

Sijui kama Wakakwa wote wanafanya hivi, mimi ni Mlugbara, nasema nilivyoelezwa na Mama Poni. Kaka wa mama ya binti ni lazima atoe neno. Aseme moyo wake ni mweupe, hana kinyongo na mtu, binti aende salama. Asiposema, wakwe wanarudi kwao, maana hakuna anayetaka mke ambaye mjomba wake amenuna.

Na mjomba huyo, Mjomba Wani, yuko ng'ambo Sudan Kusini, mbele ya Kaya. Habari ilikuja kwamba mguu wake ni mbaya, hawezi safari. Simu huko anakoishi inashika ukipanda kilima, na mtu wa mguu mbaya hapandi kilima.

Wakwe hawakuiamini hiyo habari. Nisiwaonee. Kulikuwa na maneno ya zamani kwamba mjomba alikasirika Mama Poni alipobaki Uganda badala ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo wao waliona "mguu" ni njia ya adabu ya kukataa. Ningekuwa wao, labda na mimi ningewaza hivyo.

Ikaamuliwa mjomba arekodiwe video. Mwanawe, anaitwa Lemi, akamrekodi kwa simu, memory card akampa dereva wa lori, dereva akaileta mpaka kwangu siku ya Ijumaa. Mama Poni akaja na flash mpya mkononi.

"Mama Prisca, toa neno ya kaka yangu kwa hii kitu, weka kwa flash. TV ya Baba Ladu hapana kula memory card."

Nikasema hiyo kazi ndogo.

Akashika mkono wangu. "Lakini hapana sikiliza. Neno hii watu wote wanasikia pamoja. Mutu mmoja akisikia mbele, wale wengine watasema tumeipika."

Nikafunga sauti ya kompyuta kabisa, akiona kwa macho yake.

Nikaanza kuhamisha. Kompyuta ikagoma. Faili ni kubwa mno kwa flash hii.

Mama Poni akaiangalia flash, akaniangalia mimi. "Flash iko tupu namna hii. Inashiba nini?"

Nikamweleza ile habari ya FAT32. Video ilikuwa imepita GB 4 kidogo tu; ile memory card iliibeba kwa sababu ilikuwa exFAT. Kidogo mno, kama mkia.

Nikamwambia naweza kukata ule mwisho.

"Unajua anasema nini kwa mwisho?"

"Sijui, hukuniruhusu nisikie."

"Basi unakata kitu gani? Kama hapo ndiyo anabariki mtoto?"

Nikamwambia basi nigawe vipande viwili.

"Neno ya mjomba unapasua katikati kama muhogo? Mama Prisca!"

Najua mtaniuliza kwa nini sikuibana video iwe ndogo. Nilimwambia hilo pia. Akauliza kama uso wake utabaki ule ule. Nikasema utafifia kidogo. Akasema acha, usiguse. Na moyoni mwangu niliona ana haki. Mimi ni nani nipunguze neno la mtu wa watu?

Kwa hiyo nikaifomati flash iwe NTFS. Faili likaingia lote.

Sikumpa hivyo hivyo. Nilichomeka kwenye TV ya kibandani kwangu, sauti chini kabisa, nikaona uso wa mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha kamba, midomo inacheza. Nikazima haraka. Inasoma.

Nikafurahi. Nikafuta nakala kwenye kompyuta, maana Mama Poni alisema nisibaki nayo. Dereva akachukua memory card yake jioni hiyo akageuka na lori, kwa sababu kadi ilikuwa ya kuazima.

Mnaona, wakuu? Neno lote la mjomba sasa lilikuwa ndani ya flash moja. Mimi wala sikuliona hilo.

Na swali moja sikuuliza. TV ya Baba Ladu ni ya namna gani?

Jumamosi Mama Poni akasema nifuatane nao, "wewe ndiyo unajua tabia ya flash." Nikafunga kibanda, nikavaa gomesi, lile vazi letu refu la sherehe, nikaenda.

Kuluva tulipokelewa vizuri. Wageni upande mmoja wa ua, wenyeji upande mwingine, meza katikati, na TV juu ya meza. Pembeni kulikuwa na spika kubwa ya nyimbo iliyokodiwa, na mwenye spika anaitwa Ezati, mcheshi sana.

Msemaji wa wakwe alikuwa Mzee Swadiki. Mwanajeshi mstaafu, anakaa wima hata kwenye kiti cha plastiki. Karibu naye shangazi wa kijana, Shangazi Hawa, mwanamke wa sauti. Poni yeye alikuwa ndani ya nyumba na wasichana wenzake, kama desturi, anasikia kupitia dirishani.

Salamu zikaisha, maombi yakaisha. Mzee Swadiki akasema, "Sasa sisi tunangoja mjomba."

Nikachomeka flash.

TV ikafikiri. Ikafikiri tena. Halafu ikaandika maneno ya Kiingereza kwamba kifaa hiki hakisomeki, je, kifomatiwe? Na chini yake: OK.



Baba Ladu ndiye aliyekuwa na rimoti. Akasoma kwa sauti ile OK. "Inaomba OK. Mimi napiga."

"HAPANA PIGA!"

Niliruka, wakuu. Niliruka na gomesi yangu, nikaangusha soda za watu, nikamnyang'anya mzee wa nyumba rimoti mkononi mbele ya wakwe zake. Mpaka leo nikikumbuka nafunika uso.



Shangazi Hawa ndiye aliyeanza. "Huyu mama anaogopa nini? Kama neno iko ndani, kwa nini hataki tufungue?"

Nikasema, "Mama, ukipiga OK inafuta kila kitu."

"OK ni kusema ndiyo. Tangu lini kusema ndiyo inafuta kitu?"

Watu wa upande wao wakacheka. Ezati pia akacheka, ingawa yeye alikuwa wa upande wetu.

Nikaichomoa flash. Nikajaribu kwenye simu yangu kwa ule waya wa kuunganisha flash. Simu nayo ikaniambia hivyo hivyo, kifaa kina hitilafu, kifomati. Nikajaribu kwenye simu ya Baba Ladu. Ikakataa. Spika ya Ezati haikupepesa hata taa.

Shangazi Hawa akasimama. Hakupiga kelele sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliongea polepole.

"Mimi sina ubaya na Mama Poni. Lakini nasema ile iko kwa roho ya sisi wote hapa. Flash iko tupu. Mjomba alikataa, na watu wanaona aibu kusema. Kutoka Kaya mpaka hapa ni mbali gani? Mutu anayetaka kuja anakuja."

 Mama Poni alikuwa anaangalia mikono yake. Dirishani pazia lilitikisika.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Shangazi Hawa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlinda mtoto wa kaka yake. Angekuwa kimya halafu baadaye ndoa ikaharibika, wangemlaumu yeye. Na flash kweli ilionekana tupu, kila mashine ilisema hivyo. Mtu pekee aliyesema ina kitu nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyemnyang'anya mwenye nyumba rimoti.

Nikasema, "Neno iko. Mimi niliona mdomo yake inaongea. Inataka kompyuta tu. Nipeni nafasi."

"Uliona mdomo lakini hukusikia?" Shangazi Hawa akauliza.

"Sikusikia. Nilikatazwa."

Akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona maajabu.

Mzee Swadiki akainua mkono. "Hawa, kaa. Wametuwekea chai, tutakunywa chai. Mama, wewe kimbia. Chai ikiisha na neno hakuna, sisi tunapanda gari, na hapana mutu atasema tulikuwa na haraka."

Nikakimbia.

Pale senta ya Kuluva kuna chumba kimoja wanachapa barua na kutoa kopi. Mwenyewe anaitwa Letiru, mama mnene mwenye miwani, na siku hiyo alikuwa anachapa karatasi za mazishi za familia moja. Wenye msiba wamekaa kwenye benchi wanangoja.

Nikaona aibu. Watu wana maiti nyumbani, na mimi nakuja na habari za posa. Nikasimama mlangoni.

Letiru akaniangalia juu ya miwani. "Na wewe umefiwa?"

"Bado. Lakini chai ikiisha nitakuwa nimefiwa."

Nikaeleza kwa kifupi. Mzee mmoja wa wale wenye msiba akasema kwa Kilugbara, mpisheni, sisi wetu hana haraka tena. Sitamsahau yule mzee.

Nikachomeka flash kwenye kompyuta ya Letiru. Ikafunguka mara moja. Faili likatokea, zima. Nilitaka kulia.

Lakini sasa? Kompyuta ilikuwa ya mezani, huwezi kuibeba. Video nzima haingii FAT32. Kuikata bado sikutaka. Kuibana kungechukua muda, na huko kwa Baba Ladu birika lilikuwa linamiminwa.

Hapo ndipo nikawaza spika ya Ezati. Spika haijui picha. Inataka sauti tu.

Na sauti ni nyepesi, wakuu. Ukitoa picha ukabakiza sauti, lile faili la GB 4 na zaidi linakuwa kitu kidogo ambacho hata flash ya nyimbo inakibeba. Na halikatwi. Neno la kwanza mpaka la mwisho liko pale.

Nikafunga sauti ya kompyuta, Letiru akashangaa, nikamwambia na wewe hutakiwi kusikia. Nikatumia ile programu ya bure ya kuchezea video, ina mahali pa kugeuza kuwa mp3. Ile flash ya mjomba sikuthubutu kuifomati, maana ndiyo ilikuwa pekee. Letiru akavuta droo akanipa flash yake ndogo, ya FAT32. "Iko na kwaya ya kanisa yetu. Hapana futa kwaya yangu."

Nikaweka sauti ya mjomba humo, nikalifuta lile lililobaki kwenye kompyuta yake, nikakimbia tena.

Nilipoingia uani nikaona kitu. Chai bado ipo. Mama Poni na wanawake wa nyumba walikuwa wanaongeza maji na maziwa kwenye birika kila likikaribia kuisha, mpaka chai imekuwa nyeupe kama uji. Hilo nililielewa.

Ila baadaye niliambiwa na Ezati, na mimi sikuliona, kwamba aliyekuwa anainua kikombe kila mara na kusema "ongeza" alikuwa Shangazi Hawa mwenyewe.

Nikamweleza Mzee Swadiki kwamba picha imeshindikana, sauti ipo.

Wakaanza kubishana. Mmoja wao akasema sauti bila uso si neno, mtu yeyote anaweza kuigiza mzee. Mwingine akasema tulikubaliana video. Na kweli, tulikubaliana video. 

Mzee Swadiki akasikiliza wote. Halafu akacheka peke yake, kidogo.

"Mimi kwa jeshi nilikuwa mutu ya radio call. Miaka yote ile mkubwa yangu nilikuwa nasikia tu. Uso yake sijui. Akisema toka, tunatoka. Akisema lala chini, tunalala chini. Kama ningesema ngoja nione uso kwanza, hii mifupa ingekuwa porini. Mama Poni, wewe unajua sauti ya kaka yako?"

"Najua."

"Ikiwa si yeye, utasema? Mbele ya Mungu?"

"Nitasema."

"Weka."

Ezati akachomeka. Spika ikapumua, na ghafla ikapasuka na kwaya ya kanisa, sauti nne, ngoma na kayamba.

Shangazi Hawa: "Kumbe mjomba amekuwa kwaya nzima!"

Wote wakacheka, hata Mama Poni. Nadhani kicheko kile kilitusaidia. Ezati akabonyeza kuruka, kwaya nyingine, akaruka, kwaya nyingine, mpaka tukafika.

Sauti ya mzee. Kavu, haina haraka.

Mama Poni akafunika mdomo na kiganja. Hakuhitaji kusema ni yeye.

Mjomba aliongea Kikakwa. Mimi Kikakwa changu ni cha sokoni, kwa hiyo nikikosea maana ni mimi, si yeye. Alitaja ukoo wao, akataja marehemu baba yake Poni kwa heshima. Akasema hana kinyongo na dada yake. Akasema binti aende, azae, asipigwe. Akasema mambo ya ng'ombe, kisha akarudi kwenye ng'ombe tena. Mguu hakuutaja hata kidogo.

Akamaliza. Akasema amesema.

Watu wakaitikia. Lakini wakwe walikuwa wanaangaliana. Neno lilikuwa zuri, ila lilikuwa neno la kikao. Mtu anaweza kusema hivyo na bado akawa amekataa kuja. Nilimwona Shangazi Hawa anang'ata mdomo.

Ezati akanyoosha mkono achomoe flash.

"Bado," Mzee Swadiki akasema. "Radio iko hai. Nasikia upepo."

Kweli, spika ilikuwa bado inatoa upepo. Na kuku mbali.

Halafu sauti ya mjomba tena, lakini si ile ya kikao. Ndogo, ya nyumbani.

"Umezima?"

"Nimezima, baba." Huyo ni Lemi.

Hakuwa amezima.

"Nimesema vizuri?"

"Vizuri. Lakini ng'ombe umewasema sana."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akasema, "Huyo mtoto mimi ndiye nilimbeba siku ile ya kuvuka mto. Mama yake alikuwa na mzigo. Alilala hapa, kwa bega. Akanikojolea shati yote. Nilimpa mama yake ng'ambo ya pili, nikarudi na shati ile imeloa. Sikuifua upesi."

Kuku wakasikika, kisha mzee tena.

"Nilitaka nimwone akicheza. Basi. Nisaidie nisimame."

Tukasikia kiti kinalia. Tukasikia pumzi ya mtu anayejaribu kuinuka na hawezi. Lemi anasema, "Polepole, baba. Shika shingo yangu. Hapana kanyaga na hiyo." Mzee akaugua, ule mguno mfupi wa mtu asiyetaka asikike. Wakajaribu tena. Fimbo ikaanguka chini. Halafu hatua, moja moja, zinakwenda mbali na simu, mpaka zikaisha.

Na hapo ndipo faili lilipoisha.

Huo ndio mkia, wakuu. Huo ndio ule uliozidi GB 4. Ndio niliotaka kuukata.

 Ndani ya nyumba tukasikia Poni analia, na wasichana wenzake wanamnyamazisha.

Shangazi Hawa akasimama, akavuka ule upande wa meza ambao wageni huwa hawavuki, akapiga magoti mbele ya Mama Poni.

"Mama, mguu ni kweli. Nisamehe."

Mama Poni akasema, "Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Inuka, chai yenyewe imekuwa maji."

Mzee Swadiki akafuta macho kwa kofia yake, akakaa wima tena. "Tumepokea," akasema. Neno moja, kama mtu wa radio call.

Posa ikakubaliwa.

Sasa niseme nilichojifunza, japo sijui kama ni elimu au ni kujifariji.

Mimi niliijaribu ile flash kabla ya kuitoa, lakini niliijaribu kwenye TV yangu. Sasa mteja akija, kabla ya kuuliza anataka nini nauliza: utachomeka wapi? Redio? TV ya zamani? Kompyuta? Kama hajui, nampa FAT32. Kama faili linazidi, namwambia wazi, na nampa na sauti yake pembeni. Na mashine yoyote ikiuliza kufomati, mkono utoke kwenye rimoti kwanza.

Nakala ya pili pia. Mwenye faili akisema futa nafuta, lakini namwambia: mpaka lisomeke huko uendako.

Kinachonisumbua ni hiki. Ningechagua FAT32 na kukata mkia, TV ingesoma vizuri, hakuna aibu, hakuna soda kumwagika. Wangemsikia mjomba mpaka "nimesema", na wangerudi Koboko na wasiwasi wao. Kwa hiyo nilikosea, au sikukosea? Mimi bado nasema nilikosea, maana nusura neno lote lifutwe. Lakini nasema kwa sauti ndogo.

Flash ya Letiru nilimpelekea Jumatatu, nikiwa nimemwandalia Poni nyingine. Letiru akakataa kuipokea, akasema mwache binti aende nayo na kwaya yake. Kwa hiyo Poni anayo nyumbani kwake, kwenye redio ya solar. Ananiambia kila akiichomeka kwaya inaanza kwanza, na yeye hairuki. Anapika huku anangoja, mpaka mjomba afike.

Wenye uzoefu wa exFAT kwenye TV za zamani, semeni hapa chini, nina wateja. Na kama mnaona nilikosea pia semeni, sitanuna.